Daftari ni Ngao: Maneno Juu ya Kodi na Hesabu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Mahoo, na kuchapishwa hapa kwa ombi la wanachama



Halmashauri ya Chama iliona kwamba katika mwaka tunaoufunga wanachama wengi walimjia karani wao, huyu akiwa na karatasi, yule akiwa na ujumbe katika simu, wote wakiuliza swali moja: "Haya ya KRA yana maana gani, nami nifanyeje?" Ndipo nikaombwa niyajibu maswali hayo mbele ya watu wote, ili yule aliyeona haya kuuliza naye apate jibu.

Sikuja kumtetea mtoza kodi, wala sikuja kumfundisha mtu njia ya kukwepa. Nimekuja na neno moja tu, nalo ni hili: asiye na daftari hutozwa kwa kukadiriwa, na mwenye daftari hutozwa kwa haki yake. Waliotutangulia walikwisha kulisema kwa ufupi kuliko mimi: mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI TWAOGOPA

Wazee wetu hawakuichukia kodi bila sababu. Mwaka 1901 Serikali ya wakati ule ilitoa kanuni za kodi ya nyumba, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Kodi zile hazikuuliza mtu amepata nini. Ziliuliza tu kama una nyumba, na kama wewe ni mwanamume mzima. Aliyevuna na aliyekosa mvua walitozwa sawasawa, na asiyekuwa na fedha ilimbidi aende akazitafute kwa kibarua katika mashamba ya wageni. Wala hapakuwa na baraza ambapo mlipaji angeuliza fedha zake zimefanya kazi gani.

Lakini kuna jambo moja ambalo wazee wale walilijua kutupita sisi. Mtu ambaye huenda hakujua kusoma hata herufi moja aliitunza risiti yake ya kodi kama mboni ya jicho. Aliitia katika mkebe, akaufunika vizuri na kuuweka mahali pasipofikiwa na maji wala mchwa, kwa maana alijua kwamba siku akiulizwa, maneno yake matupu hayatamwokoa. Sisi tuliosoma, tena katika nchi hii ya Taveta ambayo misheni yake ilianza kuchapa gazeti lake dogo, Taveta Chronicle, tangu mwaka 1895, twazitupa ankara zetu njiani kabla hatujafika nyumbani.

Kodi za leo ni za namna nyingine. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 210, yasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria, na kwamba hakuna sheria itakayomsamehe afisa wa Dola kodi kwa ajili ya cheo chake. Tena kodi ya mapato huanza kwa kuuliza: umepata nini? Swali hilo ni la haki, lakini lamtaka anayeulizwa awe na jibu. Asipokuwa nalo, sheria yampa Kamishna ruhusa ya kukadiria, na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko juu ya mlipaji mwenyewe.

KILA KODI INA MWENYEWE

Kosa la kwanza nililoliona katika maswali yenu ni kuchanganya kodi hii na ile. Mama auzaye ndizi na nyanya sokoni Taveta hulipa ada ya soko. Mwenye duka hulipia kibali cha biashara kila mwaka. Fedha hizo ni za Serikali ya Kaunti. Lakini kodi ya mapato, kodi ya thamani iliyoongezwa ambayo wengi huiita VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni za Serikali ya Taifa, kwa Kifungu cha 209 cha Katiba, nazo hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1995.

Kwa hiyo kumwonyesha afisa wa KRA risiti ya soko na kusema, "Mimi nimekwisha kulipa," ni sawa na kumwonyesha mwenye nyumba risiti ya hospitali. Risiti ni ya kweli, lakini deni ni la mwingine. Hata hivyo usiitupe, maana ada ile ni gharama ya biashara yako, na punde mtaona faida ya kuiandika.

DUKA LA MFANO

Sasa nawaomba tuhesabu pamoja. Nitachukua duka la mama mmoja. Duka hili ni la mfano, msilitafute barabarani. Mama huyu huuza vitu vya shilingi 4,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mauzo yake ni shilingi 104,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,248,000 kwa mwaka.

Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yamepita shilingi 1,000,000 lakini hayazidi shilingi 25,000,000 huingia katika kodi ya mauzo, ile waiitayo TOT. Kodi hiyo ni asilimia 3 ya mauzo yote, nayo hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Basi mama yetu atalipa shilingi 3,120 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 37,440.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Kodi ya mauzo haitazami faida. Haiulizi sukari aliinunua kwa bei gani, wala kama panya walikula unga. Tuseme kila shilingi 100 anazouza, shilingi 82 ni za kununulia mali, na shilingi 8 ni za chumba, usafiri, umeme na kibali. Faida yake ni shilingi 10. Kwa mwaka mzima faida hiyo ni shilingi 124,800. Kodi ya shilingi 37,440 imechukua karibu theluthi moja ya faida yake, na imemwachia shilingi 87,360. Na kama mwaka ule alipata hasara, kodi ni ile ile.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa pili ambao wengi hawaujui. Mtu anayepaswa kulipa kodi ya mauzo anaweza kumwandikia Kamishna na kusema kwamba amechagua kutozwa kwa kodi ya mapato ya kawaida, ile inayotazama faida. Katika kodi hiyo, kwa viwango vya mwaka 2023, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, na kila mtu binafsi hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka. Tuhesabu: asilimia 10 ya faida ya mama yetu ni shilingi 12,480. Punguzo lake ni kubwa kuliko kodi yenyewe. Basi hatalipa hata senti moja, ila atapaswa kupeleka taarifa yake ya mwaka na kuzihifadhi hesabu zake.

Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi 37,440 kila mwaka. Kwa nyumba nyingi za hapa Mahoo fedha hizo ni karo ya mtoto, au mabati ya paa. Kitu kinachomwezesha mama kupita mlango wa pili ni daftari. Asiyeweza kuonyesha gharama zake hana faida ya kutaja. Ana mauzo tu, na atatozwa kwa mauzo.

Mtu asije akaondoka hapa akidhani kwamba mlango wa pili ni bora kwa kila mtu. Mtazameni kinyozi mwenye mauzo yale yale ya shilingi 1,248,000, lakini gharama zake ni ndogo, hata nusu ya fedha ikawa faida, yaani shilingi 624,000. Kwa kodi ya kawaida, shilingi 288,000 za kwanza humtoza 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata, kwa asilimia 25, ni 25,000. Na shilingi 236,000 zilizobaki, kwa asilimia 30, ni 70,800. Jumla ni shilingi 124,600, na baada ya punguzo ni 95,800. Huyu kodi ya mauzo ya shilingi 37,440 yamfaa zaidi. Watu wawili, mauzo mamoja, majibu mawili. Atakayewaambia lipi ni lenu si jirani wala karani, ni daftari lenu wenyewe.

Yule ambaye mauzo yake hayafikii shilingi 1,000,000 hayumo katika kodi ya mauzo, lakini asijidhani kwamba sheria haimjui. Yeye naye hupeleka taarifa ya mwaka ya kodi ya kawaida, ijapokuwa aghalabu hatadaiwa kitu. Na ambaye mauzo yake ya vitu vinavyotozwa VAT yamefika shilingi 5,000,000 kwa mwaka yampasa ajiandikishe kwa kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16.

Viwango hivi Bunge huvibadilisha kwa Sheria ya Fedha, na kila mwaka huja nyingine. Kabla ya kuchagua njia, ulizeni kwanza katika ofisi ya KRA viwango vya mwaka huo. Namna ya kuhesabu niliyowaonyesha haitabadilika.

NAMNA YA KUSHIKA DAFTARI

Daftari si jambo la wasomi. Nunua kitabu chenye mistari, ukigawe kila ukurasa safu tano: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na namba ya ankara. Andika kila jioni kabla ya kufunga mlango, maana kumbukumbu ya Jumatatu haifiki Jumamosi. Wanaokukopa waandikie ukurasa wao mbali. Sukari na sabuni utakayochukua dukani kwa matumizi ya nyumbani, iandike pia. Duka si ghala la jamaa. Kila tarehe 31 Desemba hesabu mali iliyobaki juu ya rafu na uandike thamani yake kwa bei uliyonunulia, kwa sababu mali iliyolala bado haijawa gharama.

Jambo linalowaponza wengi ni simu. Fedha za duka na mchango wa harusi huingia katika namba moja ya M-Pesa, na mwisho wa mwaka hapana awezaye kuzitenga. Ukitakiwa kueleza, kila shilingi iliyoingia yaweza kuonekana kuwa ni mauzo. Tengeni namba ya biashara na namba ya nyumbani, na michango iandikwe kwa jina la aliyeitoa. Kisha hifadhini daftari na ankara zake kwa miaka mitano, kama Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inavyoagiza.

Ankara nazo zimepata utaratibu mpya. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya mtambo wa KRA uitwao eTIMS haikubaliwi, isipokuwa zile ambazo sheria imezitoa. Kwa hiyo ukinunua mali kwa mwenye duka la jumla, mtajie namba yako ya PIN na udai ankara ya eTIMS. Bila hiyo mlango wa pili niliousema utaukuta umefungwa. Wakulima walilalamika, na kwa haki, kwamba mtu mwenye mikungu kumi ya ndizi hana mtambo. Mwishoni mwa mwaka 2024 sheria ilirekebishwa, na muuzaji ambaye mauzo yake hayafiki shilingi 5,000,000 kwa mwaka hapaswi kutoa ankara hiyo mwenyewe. Mnunuzi ndiye anayeiandika kwa niaba yake. Mkulima, usikimbie ukiombwa PIN na mnunuzi. Lakini soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kukikubali, maana fedha zilizoandikwa kwa jina lako zimekwisha kuwa mapato yako.

WENYE MISHAHARA, WAAJIRI, NA VIJANA

Ndugu zangu waalimu, wauguzi na wafanyakazi wa mashamba husema, "Kodi yangu hukatwa kabla sijaona mshahara; nina haja gani ya taarifa?" Kukatwa ni kazi ya mwajiri, taarifa ni kazi yako. Chukua kwa mwajiri fomu ya P9, uilinganishe na hati zako za mshahara, na upeleke taarifa katika iTax kabla ya kupita tarehe 30 Juni. Mara nyingine ndipo mtu hugundua kwamba alichokatwa hakikufika.

Mwenye kuajiri, hata kama ni mtu mmoja wa kulinda duka, naye ana wajibu. Mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hautoi kodi ya mapato kwa viwango vile vya 2023, lakini mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75, ulioanza Oktoba 2024, na ule wa nyumba wa asilimia 1.5 unaotolewa na kila upande, kwa sheria ya Machi 2024, havitazami udogo wa mshahara. Hali kadhalika akiba ya NSSF.

Nanyi vijana, wengi wenu mlichukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB au kutafuta kazi, kisha mkaisahau. Yeye hakuwasahau. Asiye na mapato hupeleka taarifa tupu. Asipoipeleka kwa wakati, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa ikiwa ni kubwa zaidi, na faini hiyo huja kwa kila mwaka uliopita. Ole wake pia mwenye mapato ambaye hupelekewa taarifa tupu na kijana wa kompyuta kwa sababu ndiyo rahisi na ya haraka. Jina lililo chini ya taarifa ile ni lako, si la kijana. Kaa karibu naye, soma, na neno lako la siri usimwachie.

MPAKANI

Sisi tunaokaa karibu na Holili tuna jambo letu. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu mwepesi: bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa hati nyepesi ya asili ya bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha. Wengi hupita vichochoroni usiku na mizigo ambayo mchana ingevuka bila ushuru huo. Huko njiani hulipa zaidi, tena bila risiti, na mzigo ukikamatwa umepotea wote. Lakini msidanganyike kwamba hati hiyo huondoa kila kitu. Bidhaa yenye VAT hutozwa VAT, na masharti ya afya ya mimea na wanyama hubaki. Karatasi ya forodha nayo ifungwe pamoja na ankara, kwa sababu bila hiyo huwezi kueleza mali iliyo dukani ilitoka wapi.

UKIONA UMEONEWA

Mwisho, mjue kwamba sheria imempa mlipaji mdomo. Ukipata hati ya makadirio usiyokubaliana nayo, usiichane, wala usiifiche chini ya godoro. Unazo siku 30 za kuandika pingamizi, ukieleza sababu zako na kuambatanisha ushahidi. Kamishna naye amewekewa muda wa kujibu, na jibu lake lisipokuridhisha, unazo siku 30 nyingine za kwenda katika Baraza la Rufani za Kodi. Siku hizo ni chache, na aliye na daftari huzitumia kuandika. Asiye nalo huzimaliza akitafuta karatasi.

Na tukiona kwamba sheria yenyewe ni nzito, twaweza kusema pia. Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mwezi wa Juni 2024 nchi nzima ilizungumza juu ya Mswada wa Fedha wa mwaka ule. Maandamano yakafanyika, damu ya vijana ikamwagika, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ningependa sisi tuwe tumesema mapema, katika vikao vya maoni, kwa tarakimu. Mwenye duka anayeweza kuonyesha kwamba kodi ya mauzo imechukua theluthi ya faida yake ana hoja isiyoweza kupuuzwa na mbunge yeyote. Anayesema tu "kodi ni nyingi" atasikilizwa, kisha atasahauliwa.

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo naomba mkutano ufikirie mambo matatu. Kwanza, kila mwaka katika mwezi wa Mei Chama kiweke meza ya hesabu kwa majuma mawili, vijana wetu wanaojua iTax wawasaidie wazee kupeleka taarifa kabla ya Juni, kila mzee akiwa amekaa papo hapo. Pili, Chama kinunue madaftari kwa jumla na kuwauzia wanachama kwa bei ile ile ya kununulia. Tatu, hesabu za Chama chenyewe zisomwe mbele ya wanachama kila robo ya mwaka, si mara moja tu, maana hatuwezi kumwambia mwenye duka ashike kalamu na hali sisi tumeiweka kalamu yetu chini.